Miaka Saba ya Mkono wa Wandel

Jumapili, 12 Januari

Tumefungwa. Ngapi, sitaandika. Historia haihitaji kila kitu.

Kosa si langu. Mimi ni kocha wa Maveterani wa Loma Seca. Tunacheza softiboli, yaani besiboli ya wazee: mpira mkubwa kama balungi, unarushwa polepole kwa mkono wa chini. Kocha harushi mpira. Anayerusha ni Fausto. Na Fausto nilimpa mkataba mimi mwenyewe, miaka mitano. Kila Jumapili, acheze asicheze, sahani mbili za mbuzi aliyepikwa na mke wangu.

Nilimpa baada ya kumwona mchana mmoja tu. Aliwazima watu wa mtaa wa pili mmoja mmoja kama mishumaa. Mchana ule hata kuku waliacha kuparua wakawa wanamtazama. Nani angemwacha mtu kama huyo aende? Milcíades kinyozi alikuwa ameshaanza kumnyemelea: miaka minne na kunyolewa bure. Nikampiga bao kwa mwaka mmoja wa juu. Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Tangu hapo mgongo wa Fausto haujanyooka. Leo amewarushia watu wawili, akashika kiuno, akaenda kukaa kivulini. Sahani zake mbili lakini amezimaliza. Bienvenida, mke wangu, alinitazama kila alipopita na sufuria. Sikumtazama.

Halafu Milcíades, ambaye timu yake ndiyo iliyotufunga, akatoa simu mbele za watu. Akasoma kwa sauti ya padri. Eti gazeti la Marekani limepanga mikataba mibaya kuliko yote waliyowahi kupewa warushaji wa besiboli. Mpwa wangu Wandel ni wa tatu.

Nikasimama. Nikasema wa tatu Marekani nzima! Huyo mtoto wako wa ubatizo anayecheza hukohuko ni wa ngapi? Hayumo hata kwenye karatasi!

Watu walicheka. Sina hakika walimcheka nani.

Wandel mwenyewe alikuwa palepale, kofia imeshuka machoni, binti yake Yaritza mapajani.  Tulipokuwa tunarudi nyumbani ndipo akaniambia taratibu, mjomba, nadhani nimechoka.

Nikamwambia ni jua.

Jumatatu, 13 Januari

Naandika shajara hii kwa sababu siku moja watasimamisha sanamu ya Wandel pale njia panda ya kiwanda cha sukari, na watataka kujua ukweli. Sitaki waupate kwa kinyozi.

Ukweli ni huu. Mkono ule wa kushoto ni kazi yangu. Nilimfundisha kwa machungwa machanga, kwa sababu mpira ulikuwa ghali na machungwa yalikuwa ya jirani. Siku moja, bado hajaanza shule, alirusha chungwa kutoka uani kwetu, likavuka reli, likapita katikati ya mabehewa mawili ya treni ya miwa, treni inakwenda, likamvua kofia mtu wa breki upande wa pili. Yule mtu alishuka treni akanipa mkono. Dada yangu Mireya, mama yake Wandel, anasema mimi siku hizo nilikuwa nafanya kazi La Romana na sikuwepo. Mireya anapenda sana mambo madogomadogo.

Kisha klabu moja ya kaskazini, sitaitaja, ikamwita Wandel ikampa mkataba wa miaka saba. Miaka saba! Hela ambayo hata mwenye benki angeomba aandikiwe pembeni asome mwenyewe. Siku ile Loma Seca haikulala. Niliwanywesha watu wote duka la Chichí. Mwaka wa kwanza Wandel alikuwa moto. Mwaka wa pili, katikati ya mchezo, akasikia kitu kiwikoni kama tawi la mpera linavunjika. Wakampasua. Akarudi, kikavunjika tena. Wakampasua mara ya pili. Sasa mwaka wa nne umekwisha na bado hajarusha mpira hata mmoja wa maana.

Lakini analipwa. Hapo ndipo mtu anapaswa kukaa chini afikiri. Mkataba wa besiboli hauulizi kama umeamka vizuri. Mkono umelala, hela inakuja. Mwanzoni niliona hakuna kitu kitamu kama hicho duniani. Jana Wandel alinisimulia jambo. Alikuwa dukani kule Marekani kununua maziwa. Mzee mmoja akamtambua. Hakumtukana, hakumsalimu. Alimtazama mkono tu, muda mrefu, kama mtu anavyolitazama gari lililomfilisi. Halafu akaenda zake. Wandel anasema angetukanwa angelala vizuri zaidi.

 Nikamweleza habari ya treni ya miwa.

Ijumaa ya tarehe 24 atakuja mtu wa klabu. Swali ni moja: Wandel akubali kupasuliwa mara ya tatu ajaribu tena, au aseme basi, yameisha. Mimi nimeshaamua: apasuliwe. Nilipomwambia Bienvenida uamuzi wangu akaniuliza huo mkono ni wa nani.

Swali la ajabu.

Jumatano, 15 Januari

Nimepata dawa! Kisu cha nini, kama mtu ana maarifa?

Sokoni San Pedro kuna bwana anauza mafuta ya nyoka kwa kuchua viungo. Si mafuta ya kawaida. Aliniapia kwa mama yake kwamba nyoka huyu, kabla ya kukamatwa, alikuwa anavuka mto kwa kurukia mawe. Kitu chenye misuli ya namna hiyo, mafuta yake si mchezo. Nikanunua kopo zima.

Wandel akasema mjomba, daktari wa klabu anapiga kelele nikibadilisha hata sabuni. Nikamwambia huyo daktari hakukujua ukiwa na meno ya utoto. Akacheka kidogo, akavua shati. Nikamchua kuanzia bega hadi kidole. Nilichua kwa nguvu hadi mimi mwenyewe nikapona kiuno.

Harufu ilikuwa kali, siwezi kukataa. Kama dagaa waliosahaulika garini. Tulipotoka kwenda duka la Chichí mbwa mmoja akatufuata. Kwenye kona wakawa wanne. Tulipofika dukani Wandel alikuwa na mbwa kumi na paka wa padri, wote wanamlamba mkono wa mamilioni ya dola. Milcíades alikuwa mezani anacheza domino. Akasema haya jamani, hatimaye mrushaji amepata mashabiki.

Wandel alicheka. Mimi sikucheka. Usiku mkono ukamtoka vipele.

Mireya amekuja kunigombeza hadi dirishani. Eti mimi ni balaa lenye suruali. Nimemwambia vipele ni dalili ya dawa kuingia.

Ijumaa, 17 Januari

Nilikwenda kunyolewa. Loma Seca ina kinyozi mmoja, ndiyo shida ya maisha. Mtu unayemchukia anakushikia wembe shingoni.

Milcíades akaanza, kidevu changu kiko juu, siwezi kujibu. Akasema mtoto wake wa ubatizo amepata mkataba tena. Mwaka mmoja. Kila mwaka mwaka mmoja, huu wa tisa sasa. Hajui kupiga mpira mbali, hakimbii, lakini anaamka mapema na kila mtu anampenda. Akasema, kwa jina la utani analoniitia, "Wa kwangu anakodi chumba, Profesa. Wa kwako alipewa jumba lisilo na paa."

Aliponifuta povu nikamwambia mtu wa mwaka mmoja mmoja ni mtu asiyependwa na mtu. Mwanamke akikuambia atakaa nawe hadi Desemba, hayo ni mapenzi? Watu waliokuwa kwenye foleni wakasema hapo Confesor, yaani mimi, ana hoja. Milcíades naye akafikiri. Akasema mke wake angemwambia hadi Desemba, yeye angeosha vyombo kila siku.

Nimelifikiria hilo njia nzima. Nimeamua halina maana.

Lakini wazo kubwa lilinijia palepale kitini. Juu ya kioo cha Milcíades kuna picha ya Bikira Maria wa Altagracia. Sikukuu yake ni Jumanne! Nchi nzima inakwenda kanisani kwake Higüey kumwomba. Mwenye mguu mbovu anapeleka mguu wa bati, mwenye jicho anapeleka jicho. Wandel hajapelekewa kitu na mtu yeyote! Klabu yenye madaktari wote wale haikufikiria hata kununua mkono mdogo wa bati. Wazungu wana hela, hawana utaratibu.

Nitakwenda mimi. Na sitamwambia mtu, isipokuwa wale waliokuwepo kwa kinyozi.

Jumanne, 21 Januari

Higüey! Nimerudi sasa hivi, miguu imevimba, roho nyeupe.

Umati mkubwa kuliko fainali yoyote. Watu wanatembea kwa magoti. Nami nilitembea kwa magoti, kuanzia mlangoni karibu hadi madhabahuni, wanawake wawili walilia waliponiona. (Bienvenida anasema suruali yangu haina alama. Sakafu ilikuwa safi.)

Nje kuna vibanda vya vitu vya bati: miguu, mioyo, matiti, watoto wachanga, nyumba, ng'ombe. Mikono ipo ya aina mbili. Mama muuzaji akaniuliza upi, kulia au kushoto. Swali kubwa hilo. Nikafumba macho. Nikamwona Wandel kama nilivyomwona maisha yote, amesimama mbele yangu, ananitazama, ananyanyua mkono kurusha. Mkono uko upande huu. Nikanyoosha kidole: huo! Nikanunua miwili ya namna moja, mmoja wa Bikira, mmoja wa kutundika sebuleni kama ushahidi.

Nilipofika mbele ya Bikira nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nilitaka kumweleza kuhusu takwimu za mwaka wa kwanza. Lakini watu wanasukumana, una muda wa kupumua mara moja tu. Nikauweka mkono, nikasema, "Mama, huyu ni mpwa wangu." Basi. Maneno mengine yote yalikauka. Nimeropoka mbele ya mameya na askari maisha yangu yote, na leo nimeishiwa.

Sijui kwa nini nimeandika hilo. Halihusiani na sanamu.

Jumatano, 22 Januari

Siku mbaya. Mbaya!

Nilikwenda duka la Chichí na mkono wangu wa ushahidi. Watu wakaupokea kwa heshima. Ukazunguka meza hadi meza. Ukafika kwa Milcíades. Akauangalia. Akaugeuza. Akauweka kwenye bega lake la kushoto. Kidole gumba kikatazama nje, kama mtu anayeomba lifti. Akauhamishia bega la kulia. Ukakaa sawasawa.

 Hata friji la Chichí lilinyamaza.

Milcíades akauliza kwa upole sana, "Profesa, Wandel anarushia mkono gani?"

Sitaandika kicheko kilichofuata. Mtu mmoja alianguka na kiti chake. Fausto, ambaye namlisha mimi, alicheka hadi mgongo ukamkunjuka kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi, kisha ukajikunja tena.

Niliwaeleza. Nilisema kwa aliyesimama mbele ya mrushaji, mkono wake wa kushoto uko upande wako wa kulia, jambo ambalo wajinga hawajui. Wakacheka zaidi.

Nyumbani Bienvenida hakucheka. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema ni kweli, Confesor, wewe umemtazama mtoto yule kutoka mbele siku zote. Sote tumekaa upande wa kupokea.

Akaendelea kumenya. Nikatoka nje nikalisha kuku, ingawa walikuwa wameshakula.

Alhamisi, 23 Januari

Nimerudi Higüey kubadilisha.

Sista mmoja anayefagia akaniambia vilivyotolewa havibadilishwi, hapa si duka la viatu. Nikamweleza ni kosa la kiufundi. Akaniuliza huyo mpwa mkono wake wa kulia ni mzima? Nikasema mzima kabisa, hautumii kwa lolote. Akasema basi shukuru, Bikira atautunza huo. Akaendelea kufagia, hadi miguuni pangu, hadi nikajikuta niko nje.

Nikaenda vibandani kununua wa kushoto. Imekwisha! Baada ya sikukuu imebaki miguu, macho, na ng'ombe mmoja. Mama muuzaji akasema ng'ombe anafaa kwa mambo mengi.

Sikununua ng'ombe. Nilimfikiria, lakini sikumnunua.

Ijumaa, 24 Januari

Mtu wa klabu amekuja. Jina lake Bwana Hollister. Mzee mwembamba, shingo imebabuka kwa jua. Kihispania chake alijifunza kwa wachezaji, kwa hiyo kila alichosema kilikuwa na tusi moja ndani, lakini alilitamka kwa adabu. Alimwambia Bienvenida kahawa yake ni ya kimalaya na akaomba kikombe cha pili. Tulimpenda.

Tulikaa ukumbini kwa Mireya. Mimi nilikuwa nimevaa koti. Nilisimama wa kwanza, kama msemaji wa familia. Nikaeleza machungwa, treni, mtu wa breki. Nikasema mkono kama ule haufi, unapumzika. Nikasema kisu cha tatu ndicho kile chenye bahati. Bwana Hollister alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halijawahi kunitokea, nikajikuta sina cha kuongeza.

Kisha nikamuuliza swali ambalo mtaa mzima unauliza. Nyie watu wenye mashine na hesabu, mliwezaje kumpa mrushaji miaka saba? Hamkujua kwamba mkono unachakaa?

 Akasema walijua. Akasema kila mtu mle ofisini alijua miaka ya mwisho itakuwa kinyesi. Walichokitaka ni ile miwili ya mwanzo. Lakini klabu nyingine ilikuwa inatoa sita, na ukitaka miwili mitamu inabidi ulipie saba. "Hatukununua atakachofanya," akasema. "Tulilipia tulichokuwa tumeshakiona, kwa sababu kilikuwa kizuri mno, na hatukuvumilia kumwona mwingine akiondoka nacho."

Nilimwelewa kabisa. Nadhani hakuna mtu mle ukumbini aliyemwelewa kuliko mimi. Milcíades angempa Fausto minne.

Halafu akamgeukia Wandel. Akamwita mwanangu. Akasema daktari yuko tayari, hospitali iko tayari, uamuzi ni wako.

Wandel akanyanyua mkono wa kushoto, polepole, mbele yetu sote. Ukafika usawa wa sikio ukasimama. Akasema hapa ndipo ninapofika. Daktari kanieleza kwamba wakinipasua tena, huenda nikarusha, na huenda nikawa nafika hapa tu. Akaushusha hadi kifuani. Akamwangalia Yaritza, aliyekuwa amekaa juu ya meza anakula biskuti, nywele zimesukwa vizuri, mistari imenyooka kama mashamba ya miwa. Mama yake yuko Miami, hawaishi tena pamoja. Anayemsuka ni Wandel.

Akasema, "Zile zinataka mikono miwili, Bwana Hollister."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nacho tayari, kitu kizuri sana kuhusu ushujaa. Mireya alinishika koti kwa nyuma nikakaa.

Bwana Hollister akasema sawa. Hakubembeleza. Nilidhani atakasirika, nikaona mabega yake yameshuka kama mtu aliyetua gunia. Wakazungumza mambo ya hela kwa Kiingereza, ili nisichangie. Wandel akaweka sahihi. Kwa mkono wa kushoto. Mara moja tu, hata dakika haikufika, na miaka saba ikaisha.

Nikatoka uani. Vumbi liliniingia machoni. Mwezi huu una vumbi jingi, ingawa mvua ilinyesha asubuhi.

Wandel akanifuata. Akasimama karibu nami akiangalia kuku. Nikamuuliza sasa nitawaambia nini watu. Akasema, "Waambie habari ya treni, mjomba. Ile naipenda." Nikamuuliza kama anaikumbuka. Akasema hapana, lakini kila ninapoisimulia anakuwa kama anaikumbuka.

Jumapili, 26 Januari

ANDIKENI HAYA KWA DHAHABU!

Tulicheza na timu ya Milcíades. Fausto alipiga chafya alipokuwa anavaa viatu, mgongo ukakwama. Wakamlaza kivulini karibu na sufuria. Hatuna mrushaji mwingine. Milcíades akasema basi, tupeni ushindi, mimi nina wateja. Nikamwambia subiri. Sikuwa na kitu chochote cha kumsubirisha, lakini nikamwambia subiri.

Ndipo Wandel akasimama. Akampa Bienvenida mtoto. Akaokota glovu ya Fausto. Akaivaa mkono wa kushoto.

 Mtu aliyevaa glovu mkono wa kushoto atarusha na wa kulia. Mireya akashika mdomo.

Mpira wa kwanza ulipiga chupa ya kahawa ya mwamuzi. Wa pili ulimfukuza mbwa, mmoja wa wale wale. Milcíades alikuwa anacheka akishikilia uzio. Wa tatu ukapanda taratibu, ukafikiri kidogo kule juu, ukashuka katikati kabisa kama parachichi lililoiva. Mpigaji aliutazama tu. Na uliofuata hivyo hivyo. Na mwingine. Hakuna kasi yoyote, mtoto wa shule angeukamata kwa meno, lakini wote walipiga hewa. Wamezoea kumwogopa Wandel, wakawa wanapiga ule mpira wa kasi waliouona kwenye televisheni, na huu ulikuwa bado uko njiani.

Mwishoni alikuja Milcíades mwenyewe. Sisi tunaongoza kwa moja. Mpira ukaruka juu hadi ningeweza kusoma jina la kiwanda. Milcíades akapiga kabla haujaanza kushuka. Akazunguka. Akazunguka tena. Akakaa chini, gongo mapajani, na mpira ukaja ukatua.

Wandel akacheka. Aliinama, akashika magoti, akacheka hadi kofia ikaanguka. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka akiwa uwanjani. Ilikuwa kabla ya klabu, kabla ya hela. Labda enzi za machungwa.

Milcíades, bado amekaa mavumbini, akauliza mkono gani ule jamani. Nikapanda juu ya benchi. Nikapaza sauti, "Wa kulia! Ule wa bati!"

Wanawake wakafanya ishara ya msalaba. Chichí akavua kofia. Milcíades alifungua mdomo akaufunga. Miaka yote ya uhai wangu sijawahi kuona mdomo ule ukifungwa pasipo kutoa neno. Na sasa najua kwamba pale kibandani nilikuwa najua ninachofanya. Kuna akili inayofanya kazi hata mwenyewe akiwa hana habari.

Nilipoteremka nikamwona Milcíades anamnong'oneza Wandel pembeni. Nikasikia kwa masikio yangu: miaka tisa, kunyolewa bure, na mtoto kusukwa na mke wake.

Tisa! Damu ilinipanda. Nikawaingilia katikati. Nikasema kumi! Miaka kumi, kila Jumapili, acheze asicheze, sahani tatu za mbuzi, na hakuna mtu atakayemhamisha timu bila ridhaa yake. Wandel akanitazama. Akamtazama Bienvenida. Akasema mjomba, nimerusha mchana mmoja tu. Nikamwambia mchana mmoja wa namna ile unatosha, mimi nimeshaona. Akatabasamu kwa namna ambayo siielewi, akanipa mkono. Wa kulia.

Bienvenida aliiweka sufuria chini. Akaniambia Fausto bado ana miaka mitatu ya mbuzi. Nikamwambia Fausto ni kitu kingine kabisa, huwezi kufananisha. Fausto, akiwa amelala, sahani kifuani, akakubaliana nami.

Jumatatu, 27 Januari

Wandel amepita asubuhi na Yaritza, nywele zimesukwa mtindo mpya. Tumekunywa kahawa. Anasema bega la kulia linamuuma kidogo, hasa akiligeuza hivi.

Nimemwambia si kitu. Nimempaka mafuta ya nyoka yaliyobaki. Mbwa wako mlangoni. Bienvenida ameuliza bei ya mbuzi kwa jirani, kisha hakuniambia.

Bega litapoa. Hata lisipopoa wiki hii, mkataba ni wa miaka kumi. Tuna muda.